Mkataji wa Shoto

Cherehani ilitoka nyumbani asubuhi, imebebwa kichwa chini miguu juu kama mbuzi wa kuchinjwa. Mnunuzi hakutaka hata kuijaribu. Alizungusha gurudumu lake mara moja, akasonya, akasema chuma ni chuma, akatoa alichotoa. Shoto alipokea bila kuhesabu, maana ukihesabu fedheha inaongezeka.

Mkewe alimfungua kiganja akatazama. "Nauli ya mtu mmoja," alisema. "Tena ya kwenda tu."

"Kwenda ndiko tunakotaka. Kurudi nitarudi na mshahara."

"Na mimi je?"

Mama yake Shoto, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua mchele, hakuinua macho. "Wewe una watoto wawili wa rika moja, kila mmoja ana miguu minne. Nani atawakimbiza? Mimi? Magoti yangu yalistaafu kabla yenu."

Shoto na mkewe walifanya kazi kiwanda cha viatu tangu pacha wao hawajazaliwa. Mume alishona ngozi ya juu ya kiatu, na kwa kuwa alishonea mkono wa kushoto, kiwanda kizima kilimwita Shoto. Mke, Mama Pacha, ndiye aliyemkatia hiyo ngozi. Walikaa meza moja, yeye upande huu na kisu, mume upande ule na cherehani, vipande vinapita katikati kama maneno ya watu waliozoeana. Halafu kiwanda kikafungwa. Wakubwa walikuja wakakifungua kwa utepe, wakarudi wakakifunga kwa kufuli, na mara zote mbili walipigiwa makofi na kula wakashiba.

Aliyewaletea habari ya kazi alikuwa dereva wa lori la ngozi. Alisema jimbo la pili kuna kiwanda kinaunguruma mchana kutwa, na kila Jumatatu wanajaribu watu palepale langoni. "Ila nenda mwenyewe," alisema. "Ukipelekwa na wakala, mshahara unapita kwake kwanza, wewe unaramba sufuria. Na kitambulisho chako anakilalia mpaka mwaka uishe." Hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mdogo wake Mama Pacha alipelekwa na wakala akarudi na kikohozi tu.

"Twende wote, Baba Pacha," alisema Mama Pacha. "Tukope nauli ya pili. Sisi kazi yetu ni ya wawili. Mkono wako umezoea kukata kwangu."

Shoto alicheka. "Ngozi ni ngozi. Ng'ombe amekufa, hajui nani kamkata."

Pacha nao wakacheka kwa sababu baba kacheka. Mama Pacha alifungua mdomo, akamtazama mama mkwe, akaufunga. Kuna ukweli ambao mke hausemi mbele ya mama wa mume wake.

---

Kabla ya kuondoka Shoto alipita Ofisi ya Ajira, kwa ule ujinga wa raia mwema anayedhani ofisi ya serikali imewekwa kwa ajili yake. Feni ilikuwa inazunguka juu ya karani peke yake. Waomba kazi walikuwa upande wa jua.

"Jimbo jingine?" karani aliuliza, kijiti cha meno mdomoni. "Huwezi kwenda kuomba kazi jimbo jingine kienyeji. Kuna utaratibu."

"Utaratibu gani, mkubwa?"

Karani akanyoosha kile kijiti kuelekea mlango wa pili. Ofisi ya wakala ilikuwa pale pale, ukuta mmoja, hata umeme wao walichangia nyaya. Serikali iliweka karani wa kuwasaidia wasio na kazi, na karani akaweka kijiti cha kuwaonyesha pa kwenda kuliwa.

Wakala alisimama kumpokea. Mtu mnene mwenye sauti laini, aliyemwita kila mwanamume na kila mwanamke shemeji. "Karibu shemeji! Keti shemeji. Viatu? Nina gari linakwenda Alhamisi. Hulipi hata senti, wewe panda tu."

"Nalipa baadaye."

"Baadaye ni baadaye, shemeji. Nani anaijua?"

"Dada yangu hujamwoa, na mimi wako sijamwoa," alisema Shoto. "Huo ushemeji umeingilia dirisha gani?"

Wakala hakukasirika. Watu wa kazi ile hawakasiriki, wanangoja. "Lango la kiwanda halina masikio, shemeji. Utabisha hodi mpaka vidole viote sugu."

"Vyangu vimeshaota," alisema Shoto, akatoka akijiona mwanamume.

---

Lango lilikuwa la chuma, limepakwa kijani. Mbele yake, Jumatatu asubuhi, watu walipanga mstari wametanguliza mikono kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha. Hakuna aliyeulizwa cheti. Msimamizi wa ushonaji alikuwa mwanamke mfupi waliyemwita Madamu, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alishika kila mkono, akaugeuza, akaendelea.

"Wewe ni shoto."

"Hata jina langu ndilo hilo, Madamu."

"Umeletwa na nani?"

"Na hii miguu."

Mstari ukacheka. Madamu alitabasamu upande mmoja. "Ndio ninaowataka. Wa wakala wananililia kila mwisho wa mwezi kama mimi ndiye niliyewala. Ingia."

Walimkalisha kwenye cherehani inayotumia umeme, wakampa vipande vilivyokwisha kukatwa. Shoto alivuta pumzi ile harufu ya ngozi na gundi, na machozi yakataka kumtoka, maana alikuwa amesahau kwamba mtu anaweza kuikumbuka kazi kama anavyomkumbuka ndugu. Akashona. Alishona haraka, mshono umenyooka kama uzi wa mjenzi, mpaka vijana wa meza za jirani wakageuza shingo. Alimaliza wa kwanza. Akakunja mikono.

Kiatu kikapelekwa kwa mvutaji, yule anayevika ngozi kwenye mguu wa mbao ili ishike umbo. Ngozi iliingia vidole, ikaingia wayo, ikafika kisigino ikagoma. Mvutaji akaikamata kwa koleo. Ikatoa mlio mdogo, kama mtu anayevuta pumzi kwa maumivu, ikachanika upande wa kushoto.

"Ngozi mbovu," alisema Shoto.

Wakampa nyingine. Akashona. Ikachanika palepale.

Madamu alivaa miwani yake, akakilaza kiatu mezani, akapitisha kucha kwenye mshono. "Mshono wako mzuri. Lakini mkono wako unakula ngozi, unaivuta ndani ya mshono kupita kiasi. Kila kiatu, upande huu huu."

"Haiwezekani. Madamu, miaka yote nimeshona, hakuna kiatu changu kilichorudi."

"Nani alikuwa anakukatia?"

"Mke wangu."

"Basi mkeo alikuwa anakuachia." Alisema taratibu, kama daktari. "Upande unaoula alikuwa anaukata kwa upana zaidi, kiasi cha ukucha hivi, ili ukishakula ibaki sawa. Hakukwambia?"

Shoto alikigeuza kile kiatu. Alikuwa anaitazama ile meza ya zamani kichwani mwake, vipande vinakuja, vinakuja, na yeye anajisifu.

"Kumbe fundi ni mama!" mmoja alipayuka kutoka nyuma.

"Mzee alikuwa anaendeshwa, yeye anadhani ameshika usukani!"

Chumba kikaangua kicheko. Madamu akageuka. "Nyamazeni. Wangapi hapa wake zenu wanawaachia na hamjui?" Kila mtu alianza kufikiri. Halafu akamwambia Shoto, "Mkono wa mtu mzima haunyooshwi kwa siku moja. Mlete mkeo. Wakataji wamenikosesha usingizi. Mkija wawili nawapa meza moja. Ila njoo naye kabla ya Ijumaa mchana. Mimi nina wakubwa juu yangu, na wakubwa wana wapwa."

Angepiga simu saa ile, amesimama palepale langoni, hadithi hii isingeandikwa. Simu alikuwa nayo mfukoni. Aliitoa, akalitazama jina la mkewe, akairudisha. Angesema nini? Aliyeondoka nyumbani akicheka, ng'ombe hajui nani kamkata, sasa apige simu aseme njoo unishike mkono? Na mama yake anasikiliza pembeni, maana nyumba yao haina siri, ina pazia tu.

Akaenda kwenye karakana ya mikoba. Hawataki mtu. Akaenda kwa washona mahema. Wakamjaribu, wakaona lilelile. Jumanne simu ililia, akaiangalia ikilia mpaka ikachoka. Jumatano ikalia tena. Alilala kwenye baraza la duka la gundi, na mwenye duka alimruhusu kwa sharti awe amefagia kabla wateja hawajaja.

---

Nyumbani, Jumatano hiyo, Mama Pacha aliiweka chini simu isiyopokelewa akasema, "Amekula ngozi."

"Amekula nini?" mama mkwe aliuliza.

"Mama, nisamehe. Mkono wake unavuta. Nilikuwa namkatia nikimwachia. Sasa amekatiwa na mtu mwingine, amegundua, na ameona haya."

Bibi akaacha alichokuwa anafanya. "Tangu lini?"

"Tangu tuanze kukaa meza moja."

"Na hukumwambia?"

"Wewe ungemwambia baba yake?"

Bibi akamfikiria marehemu mumewe, aliyekufa akiamini kwamba ndiye aliyekuwa analisha nyumba. Kisha akajikongoja kusimama, akamshika mkwewe bega kwa mara ya kwanza tangu harusi.

"Nenda, mwanangu. Hawa nitawakimbiza kwa mdomo."

Nenda ni neno jepesi. Nauli iko wapi? Walizunguka mtaa mzima. Mwenye duka aliwaonyesha deni la zamani. Jirani aliwaonyesha mgonjwa wake. Cherehani ilikwisha kwenda. Mtaa ule uliwahi kuwa na watu mia kadhaa wanaopokea mshahara, na wote walifungiwa kwa kufuli lile lile, sasa nani amkopeshe nani? Jumatano jioni Mama Pacha akajikuta mbele ya mlango wa pili, ule ulioonyeshwa kwa kijiti.

"Shemeji!" alisema wakala. "Nilijua mtakuja."

"Gari la kesho linakwenda kiwanda cha viatu? Kile cha lango la kijani?"

"Huko huko, shemeji."

"Mimi ni mkataji. Nataka huko, si kwingine. Mume wangu yuko huko."

"Si nimekwambia huko huko? Lete kitambulisho."

Alijua ni nyoka. Lakini aliyesimama ng'ambo ya mto ni mumewe, na daraja jingine hakuliona. Alijiambia, nitafika, nitashuka, tutakaa meza moja, na makato ya huyu mnene tutayalipa kwa mikono minne. Akatoa kitambulisho.

Asubuhi alikifunga kisu chake cha kukatia kwa kitambaa. Simu akamwachia mama mkwe ili watoto wapate kumsikia baba yao. Pacha walimng'ang'ania, mmoja kila upande.

"Naenda kwa baba," aliwaambia. "Tukishakaa, tutapiga simu."

"Tutawasikia wote wawili?"

"Wote wawili."

---

Alhamisi hiyo, jua linapoa, Shoto akapiga simu. Alikwisha kuyapanga maneno. Alitaka kusema, Mama Pacha, ulikuwa unaniachia, na mimi nilikuwa mpumbavu, njoo. Ikapokelewa na mama yake.

"Mpe mke wangu."

"Mkeo yuko njiani anakuja huko. Kaondoka asubuhi na gari la wakala."

"La wakala? Mama! Mmemwacha apande la wakala?"

"Ulitaka apae? Ungepokea simu tungekuuliza!" Bibi alikuwa analia na kufoka kwa pumzi moja. "Amesema umekula ngozi. Amesema anakuja kukuachia tena."

Shoto alichuchumaa pale kwenye vumbi akafunika uso. Mwenye duka la gundi alidhani amefiwa. Kumbe alikuwa anacheka, au kitu kinachofanana na kucheka. Anakuja. Aibu yote ilimtoka kama jasho, akabaki mwepesi. Na wa wakala au si wa wakala, akishafika langoni ni wao wawili, na meza ipo.

Ijumaa asubuhi alilifua shati lake akalivaa bichi. Akamwambia Madamu. Madamu akaagiza meza ya dirishani ifutwe, na yule kijana aliyepayuka kumbe fundi ni mama ndiye aliyeifuta. "Tusamehe, mzee," alisema. "Hata mimi nimemuuliza wangu. Amekataa kujibu."

Gari likafika kabla ya mchana. Lilikuwa limefunikwa turubai. Wakashuka wanaume, mmoja mmoja, wananyoosha viungo, wanapepesa macho juani. Shoto alimhesabu moyoni kila anayeshuka. Aliposhuka wa mwisho alipanda mwenyewe akachungulia ndani. Ganda la ndizi na chupa ya maji, basi.

"Wanawake wako wapi?"

Walitazamana. Mwishowe mtu mzima mmoja mwenye begi la mgongoni alisogea. "Walishushwa njia panda, ndugu. Kulikuwa na gari jingine linangoja. Walisema viatu ni vya wanaume. Wanawake wanakwenda mashamba ya maua, jimbo la mbali zaidi."

"Kulikuwa na mwembamba, ana kitu kimefungwa kitambaa?"

Yule mtu alitazama chini. "Huyo aligoma. Alishika mlango wa gari letu kwa mikono miwili. Alipiga kelele, mume wangu yuko kiwandani, mume wangu ananingoja. Wakamwambia, kitambulisho chako kiko gari lile."

"Akaachia?"

"Ndugu yangu, bila kitambulisho wewe ni nani? Akaachia."

"Na ninyi? Mlikuwa wanaume wangapi?"

Yule mtu alilivua begi, akalivaa tena.

---

Wakala alipokea simu mara ya kwanza, sauti ileile laini. "Shemeji, amesaini mwenyewe. Mwaka mmoja si kitu, utaisha. Simu haziruhusiwi shambani, zinaharibu kazi." Mara ya pili hakupokea.

Kituo cha polisi walimsikiliza wakiendelea na chai. "Mkeo ni mtu mzima?"

"Ni mtu mzima."

"Alichukuliwa kwa nguvu?"

"Alidanganywa, afande."

"Wakala ana leseni?"

"Anayo."

"Nani kampa?"

"Serikali."

"Sasa unataka serikali ijikamate yenyewe?" Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu waliozoea. Hilo ndilo baya zaidi. Leseni ile imetiwa sahihi na mkono ambao haujawahi kushika kisu wala sindano, mwenye mkono huo hajui njia panda iko wapi, na hatajua.

Aliporudi kiwandani, meza ya dirishani ilikuwa na mtu. Kijana nadhifu, mpwa wa mtu fulani, anakata ngozi kwa ulimi nje kama anayejifunza kuandika. Madamu alimvuta Shoto kando.

"Ningeweza ningekushikia. Wamenipigia kutoka juu." Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Mimi naweza kukupa kupakua ngozi uani. Ni kazi ya mgongo, si ya mkono."

"Nipe," alisema Shoto. Angeenda wapi? Hapa angalau ndipo mahali pekee ambapo mkewe anajua yupo.

Basi akapakua. Ngozi mbichi ni nzito, zina chumvi, na chumvi inatafuta kila mkwaruzo. Watu wa uani hawakumtania. Habari ilikuwa imewafikia.

Jumapili baada ya chakula simu ikalia. Alijua ni nani kabla hajaitazama. Siku hiyo kiwanda kilikuwa kinafanya kazi nusu, mashine za ndani tu, na yeye alikuwa nje barabarani chini ya kivuli cha ukuta.

"Baba!" Alikuwa pacha mkubwa, na nyuma yake pumzi za mdogo zikigombania simu. "Baba, mama amefika?"

Bibi aliijua habari tangu Shoto ampigie Ijumaa, lakini hakuwaambia. Hakuweza. Alikuwa amewapa simu akatoka nje.

Shoto aliufungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale, mfupi, maneno mawili. Akauona uso wa yule mtoto ukiyapokea.

"Amefika," alisema.

"Mpe!"

"Yuko kazini. Anakata."

"Leo Jumapili?"

"Kazi ni nyingi mno. Wanampenda sana huku. Wamempa meza ya dirishani."

Upande wa pili watoto wakashauriana kwa minong'ono. Kisha akaja pacha mdogo, yule asiyedanganyika. "Baba, mbona hatusikii mashine? Kule kwetu ulikuwa ukipiga simu tunasikia mashine."

"Nipo nje."

"Ingia basi. Tumsikie."

Shoto alitazama lango. Limefungwa, na siku hiyo hakuwa na ruhusa. Akatembea kando ya ukuta, mkono mmoja ukipapasa matofali, mpaka akafika mahali ambapo ukuta ulikuwa unatetemeka kwa ndani, kuna dirisha dogo la hewa juu. Akajinyoosha kwa vidole vya miguu, akaiinua simu mpaka pale alipoweza kufika.

Ndani mashine zilikuwa zinakata.

"Mnasikia?" aliita.

"Tunasikia!" Sauti yao ilitoka juu, ndogo, kama inatoka ndani ya ukuta. "Hiyo ndiyo mama?"

"Ndiyo mama."

"Mama!" wakaita wote wawili kwa pamoja. "Mama! Ni sisi!"

Mlinzi alikuja anakimbia, rungu mkononi. "Wewe! Toka ukutani! Unafanya nini hapo?"

Shoto hakushuka. Alimwonyesha kiganja cha mkono wake wa kushoto, ngoja, ngoja kidogo tu, na wa kulia ukaendelea kuishikilia ile simu juu, watoto wanaita.